Cheti Kilichowekwa Rehani Maktabani

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi; Ndugu Badrudin, Mwenyekiti wa Kamati ya Maktaba; Bi Josepha, unayepokea funguo zangu leo; viongozi wetu wa dini, wazee wangu, wanachama wa Jumamosi ya Kusoma, na ninyi mliosikia harufu ya pilau huko nje mkasema potelea mbali, na sisi tuingie: Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Mwangaluka. Na kwa wenzetu mliotoka Ulyankulu tangu alfajiri, amahoro.

Mnaiona karatasi hii ilivyojaa maneno yaliyokatwakatwa. Msiseme Awadhi kazeeka, ingawa nimezeeka, la sivyo msingeniaga. Hotuba niliyoiandika kwanza ilikuwa ya shukrani tupu, na mke wangu aliisikiliza akaisifu. Jana nikaichana. Hii ninayoisoma hajaisikia mtu.

Mwenyekiti amenisifu hapa mpaka nikaona haya. Amesema nimekaa katika Maktaba hii ya Stesheni miaka thelathini na moja bila doa. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi, Ndugu Mwenyekiti, nililitia maji kabla hujanisifu, na leo kabla hatujala nataka mjue mnakunywa nini.

Wengi wenu mnakumbuka maktaba hii ilivyokuwa zamani. Wanafunzi watatu wa kidato cha nne, mzee mmoja aliyekuja kulalia gazeti, na mimi mezani nikiwatisha kwa macho wote wanne wasikohoe. Ndipo tukaanzisha Jumamosi yetu. Mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanasikiliza, wanabisha, wanacheka. Wiki moja bwana shamba, wiki nyingine muuguzi na kina mama, wiki nyingine vitendawili. Bi Nurjahan wa duka la vitambaa, yule pale anayejificha nyuma ya mtandio, alikuja na mkasi wake akatufundisha kukata gauni kwa kufuata kitabu, na siku ile hata wanaume waligombania kiti cha mbele. Je, kuna aliyewahi kudhani kwamba watu watapanda baiskeli kutoka vijijini kuja kusikiliza kitabu?

Jumamosi moja, miaka minne iliyopita, mama mmoja alisimama pale mlangoni na kikapu cha maharage aliyokuwa ametoka kuyauza sokoni. Aliuliza harusi ni ya nani. Tukamwambia hakuna harusi, hapa tunasoma. Akaingia, akaketi, akasikiliza habari za ufugaji wa nyuki mpaka mwisho. Huyo ndiye Mama Esperansi, ambaye leo ameketi safu ya tatu, mwenye kitenge cha kijani. Alipotaka kukiazima kile kitabu cha nyuki akamsomee mumewe, Mzee Tobia, ambaye macho yamemchoka, nilimpa fomu. Fomu yetu mnaijua. Inataka mdhamini, naye awe mtumishi wa serikali au mfanyabiashara mwenye leseni. Nikamwambia, Mama, unahitaji mdhamini.

Akaniangalia kwa hofu, akasema, "Kwani nimeshtakiwa?"

Watu waliangua kicheko, nami nikacheka nao. Kumbe kwa mama yule mdhamini ni mtu anayekutoa mahabusu, na kosa la kumtia mahabusu alikuwa halioni. Badala ya kumweleza vizuri, badala ya kwenda kwa Ndugu Badrudin au kwa Mwenyekiti wa mtaa kumwombea saini, mimi niliyekuwa nimenogewa na kicheko nikamwambia kwa mzaha: basi acha kitu chochote ambacho lazima utakirudia.

Mzaha ule yeye aliuchukua kwa uzito wake wote. Jumamosi iliyofuata alikuja, akafungua pindo la kitenge, akatoa karatasi iliyofungwa kwenye plastiki, akaiweka mezani kwangu kwa mikono miwili. Ilikuwa cheti chake cha uraia. Ninyi mliozaliwa hapa na babu zenu wamezikwa hapa, pengine hamjui cheti kile ni nini. Wazazi wake walikuja nchi hii kama wakimbizi mwaka sabini na mbili, yeye akiwa binti mdogo. Alikingoja cheti kile zaidi ya miaka arobaini. Nami nilikipokea kama mtu anavyopokea chenji dukani, nikampa kitabu, nikakitia kwenye bahasha ya kaki, nikafunga droo.

Ningekirudisha siku ileile, leo ningekuwa nasoma hotuba ile ya kwanza. Lakini nilijiona mjanja. Habari zikaenea huko Ulyankulu anakotoka mama huyu kwamba kwa Mwalimu Awadhi ukiacha karatasi unapewa kitabu, maana ndivyo wanavyoniita, Mwalimu. Wakaja na kadi za kliniki, vyeti vya ubatizo, risiti za baiskeli, na vyeti vya uraia vingine. Wanachama wakaongezeka, taarifa zetu zikapendeza, Kamati ikapiga makofi. Nani kati yetu aliyeuliza wanadhaminiwa na nani? Mimi sikuulizwa, na kusema kweli niliomba nisiulizwe.

Kila aliyerudisha kitabu nilimrudishia karatasi yake. Mama Esperansi peke yake hakuwahi kuichukua, kwa sababu kila aliporudisha kitabu aliazima kingine palepale. Cheti chake kikakaa droo ile miaka minne.

Sasa sikilizeni. Nilipoanza kutayarisha makabidhiano na Bi Josepha, nilitoa bahasha zote nikazipanga. Zote zilikuwapo isipokuwa yake. Nilipekua makabati, nikapekua stoo, nikapekua hata nyuma ya picha ukutani. Kisha nikakumbuka mvua za Februari, bati lilipovuja juu ya meza yangu, nikahamishia vitu vya droo kwenye boksi, jirani na rundo la magazeti ya zamani. Na wiki ileile magazeti yale tuliwagawia wauza karanga wa stesheni wafungie karanga. Aliyewagawia kwa mkono wake ni mimi.

Mmekuwa mkinitania mtaani kwamba Awadhi anastaafu, kaanza ulafi. Ni kweli, kwa majuma matatu nimenunua karanga kwa kila muuza karanga wa mji huu, asubuhi na jioni, nakunjua karatasi moja baada ya nyingine chini ya taa ya dukani. Nimepata matangazo ya minada, nimepata matokeo ya mpira ya miaka iliyopita. Cheti sikukiona. Usingizi sina, na karanga siwezi tena kuzitazama.

Jumamosi iliyopita Mama Esperansi alinifuata baada ya kusoma. Akanieleza kwamba Alhamisi hii waandikishaji wa vitambulisho vya taifa watafika kijijini kwake, na kwamba, kwa kuwa bila cheti haandikishwi, leo baada ya sherehe angependa kukichukua cheti chake. Nikamwambia kipo. Nilimwambia hivyo kwa kuwa moyoni bado nilikuwa na matumaini.

Mama Esperansi, samahani. Nakuomba radhi mbele ya watu hawa wote, kwa sababu kosa hili lilianza kwa kicheko cha watu, na aibu yake naona ni haki niipokee mbele ya watu. Kesho asubuhi tutakwenda wote polisi kuandikisha upotevu, na atakayeandika maelezo kuwa ndiye aliyekipoteza ni mimi. Alhamisi nitakuwa kijijini kwako kabla waandikishaji hawajafungua daftari lao. Mheshimiwa Diwani, naomba barua yako. Ndugu Badrudin, naomba na yako. Sijui kama barua zitatosha. Siwezi kumwahidi mama huyu kwamba zitatosha.

Bi Josepha, mdogo wangu, bahasha zilizobaki zimo kwenye boksi pale mlangoni. Nawaomba wenyewe wazichukue leo, hata kama vitabu wanavyo nyumbani, na vitabu wabaki navyo. Tulizoea kujisifu kwamba maktaba hii inawaamini watu wa vijijini. Tuliwaamini wapi, na huku tumeshikilia rehani? Wao ndio waliotuamini. Ukumbi huu umejaa walimu, wauguzi, wenye maduka na leseni zao ukutani. Fomu ziko mezani na kalamu nimeziweka. Kila mmoja wenu amdhamini msomaji mmoja kabla hajashika sahani. Nikiona mtu anakula bila kusaini nitamtaja kwa jina, maana leo sina cha kupoteza.

Na mimi nina cha kuacha. Hii hapa ni barua yangu ya kustaafu, ile halisi, yenye mhuri. Bila hii mafao yangu hayatoki. Mama Esperansi, naomba uje uichukue ukae nayo mpaka cheti chako kipatikane au kitolewe kingine. Mke wangu, najua unanitazama. Tutazungumza nyumbani.

Naona Mama amesimama. Mpisheni apite, tafadhali. Karibu, Mama. Ipokee.

Hapokei. Ndugu zangu wa nyuma hamkumsikia, basi niwaelezee, kwa kuwa nimeapa leo sifichi kitu. Anasema barua ataichukua, lakini kwanza nimjibu. Anauliza: "Mwalimu, siku ile uliponiambia kipo, ulikuwa unajua hakipo?"

Nilijua, Mama. Nilikuwa nimejua kwa wiki mbili.

Mheshimiwa Diwani, wageni waalikwa, ndugu zangu, hotuba yangu imekwisha. Asanteni kwa kunisikiliza, nawe Mama, asante kwa kuniuliza.