Zamu ya Kampala

Benchi letu liko nyuma ya stesheni ya Emali, pale Hemedi anapouzia kahawa. Jumatatu ile ya Novemba, mwaka wa 1986, habari ilikuwa moja tu: mvua imeangusha nyumba ya Kampala, naye kapanda treni ya asubuhi bila kutuaga. Kampala ni fundi wa mawe, mtu wa Uganda. Miaka saba alitujengea kwenye mwethya wetu, ule wa leo tunasaidiana kwako, kesho kwangu. Yeye alikaa na mkewe na watoto kwenye kijumba cha udongo alichokikandika peke yake. Katibu wa mwethya ni mimi, na zamu ninapanga mimi. Siku hiyo nilikaa mwisho wa benchi.

Mutunga, tunayemwita Redio kwa sababu habari haimpiti, ndiye aliyeanza.

— Mvua gani? Amebomoa mwenyewe! Alipata mawe ya kijani, yale ya bei, akaficha kwa ukuta. Haba na haba hujaza kibaba.

— Na akavaa sandali za tairi miaka saba? akauliza Hemedi.

— Hiyo ndio ujanja!

Ndeti, ambaye ni Wakili tangu ashinde kesi ya mbuzi, akatikisa kichwa.

— Redio, hujui kitu. Yule alikuwa spai. Mbona mlango wake uliangalia reli? Alikuwa anahesabu mabehewa.

— Mabehewa ya mbolea, Wakili?

— Mwenda pole hajikwai, Hemedi. Wanaanzanga na mbolea!

— Fundi wa mawe anakaa kwa matope, na hakuna mtu aliona? akauliza Hemedi.

— Wazee walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Si tulimpa? Hata nyundo tukaongeza! akasema Redio.

Tukacheka. Hata mimi nilicheka, na ninaona haya kusema hivyo.

— Baba yangu alikuja na reli hii, akasema Hemedi akimimina. Mimi nimezaliwa hapa. Bado mnaniita mtu wa pwani.

— Aa, mzee, hiyo ni utani tu, akasema Redio.

Ndipo mke wa Kampala akatokea kutoka upande wa sokoni, matope hadi viwikoni. Akatuamkia vizuri, akauliza katibu ni nani. Wote wakanigeukia.

— Mzee ameenda Nairobi kutafuta kazi, akasema. Hajakasirika. Amesema nikuulize kwanza, ndio nijue kama nikae hapa na watoto ama tumfuate. Zamu yetu ya mwethya ni lini?

Redio akaangalia reli. Wakili akaanza kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa. Miaka saba nilipanga zamu. Wengine walipata mara mbili, na hata banda la mbuzi wa Wakili lilipata siku yake. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Jina la Kampala sikuwahi kuliandika.

— Nitaangalia kwa daftari, mama, nikasema.

Akanishukuru, akasema basi watangoja.