Mstari wa Milango Haujajaa

— Laki nane na sitini elfu, Hansadi! Zimekaa ukutani zinanitazama, halafu wewe unaniambia nisubiri!

— Nimesema subira huvuta heri.

— Basi iivute na tela, maana Ijumaa mwenye mbao anayenidai anakuja kubeba mashine yangu ya kuranda.

Ilikuwa saa kumi jioni kwenye benchi la kahawa la Amiri, pale Kizota, upepo ukitia vumbi mpaka vikombeni. Aliyefoka ni Yotham, seremala aliyejifundisha kazi kwa kubomoa viti vibovu na kuviunga upya, mtu asiyejua kusema uongo wala kusema taratibu. Alipewa kazi ya milango arobaini na mitatu ya hosteli inayojengwa Miyuji, akaimaliza mapema. Lakini mwaka huo wa tisini na tisa ofisi ya mradi ilikuwa imeleta kompyuta na mashine ya kumulika picha. Kila Jumatatu mafundi wote walikaa kwenye chumba chenye giza kutazama ratiba nzima ya ujenzi ukutani, kila kazi na mstari wake. Kazi ikikamilika, mstari hujaa rangi. Mhasibu hulipia mstari uliojaa. Wa Yotham ulikuwa mweupe pee.

— Tatizo ni waya, akasema Abdulnasiri, fundi redio, aliyeitwa Profesa kwa kuwa ndiye wa kwanza mtaani kununua televisheni. Ile ni televisheni tu. Waya unatoka ofisini mpaka kwenye jengo, unaona kazi. Hosteli iko Miyuji, milango yako iko hapa Kizota. Waya haufiki.

— Mbona msingi ulijaa?

— Msingi si uko Miyuji!

Hilo lilimwingia Yotham. Wiki tatu mfululizo alikuwa amevaa shati la kanisani, akakaa mbele kabisa, akingoja milango yake itokee pale ukutani kama inavyotokea mechi ya mpira.

— Lakini nilipeleka mmoja, akasema. Kwa mkokoteni! Nikausimamisha nje ya ofisi yao kutwa nzima. Mstari mweupe vilevile.

— Uliusimamisha uso au ubavu?

— Ubavu, upepo usiuangushe.

— Sasa! Imeona ubao mmoja tu.

Hansadi akatikisa kichwa. Jina lake hasa ni Silvano, tarishi wa ofisi za Bunge. Kila alichokisikia kule alikirudia neno kwa neno, akielewe asikielewe, kama ile Hansadi inayorekodi maneno ya wabunge.

— Ukiona vyaelea, vimeundwa, akasema.

— Milango haielei!

— Mistari ndiyo inayoelea. Na kule kwetu, hoja ambayo siku yake haijafika haipo, hata mwenye hoja awe amesimama. Mstari wako unaanza lini?

— Agosti.

— Huu ni mwezi gani?

— Juni.

— Basi milango yako haijazaliwa.

— Nimeifunga bawaba kwa mikono yangu, wewe!

— Haijazaliwa, bwana.

Amiri akamimina kahawa, akaona asipitwe.

— Mimi naona wanalipa kwa urefu. Mstari wa zege ukoje?

— Ukuta mzima.

— Na wako?

— Kama kiganja.

— Unaona? Ungetengeneza mlango mmoja, mrefu.

Yotham alishainua kikombe, na haikujulikana kama ni cha kunywa au cha kurusha, alipotokea Lydia, binti anayekaa kwenye kompyuta ya mradi, akirudi kwake na daftari kwapani.

— Shikamooni.

— Marahaba, akasema Yotham akisimama. Binti, hebu tuamulie. Ile mashine yenu inaona mpaka wapi?

— Haioni, baba. Mimi ndiye ninayejaza. Mtu akisema kazi yake imekwisha, nabonyeza, rangi inajaa, na wengine wanajua zamu yao imefika. Ndiyo maana mnaitwa wote.

Profesa akapatwa na kikohozi.

— Kwani milango imekwisha? Lydia akauliza.

— Tangu tarehe ishirini mwezi uliopita!

— Ulimwambia nani?

Yotham akatafuta jina, hakulipata. Jumatatu tatu injinia aliuliza kama kuna mwenye la kusema, na Jumatatu tatu yeye alikunja mikono, akiwabeza moyoni wapaka rangi waliosimama kujisifia kuta. Kwake yeye, mlango ukifunga vizuri umeshasema.

— Swali hilo, akasema Hansadi, lingepelekwa kamati.

— Nyamaza.

Hasira ya Yotham haikuona pa kwenda. Lydia alikuwa bado anangoja. Yotham akaligusa daftari lake kwa kidole.

— Andika. Milango arobaini na mitatu, mninga mtupu. Imekwisha. Nataka laki nane na sitini elfu zangu, taslimu, kabla ya Ijumaa.