Kahawa Nane na Kisu cha Viazi

Jumamosi, 17 Oktoba 1998. Asubuhi ukungu, baridi ya kuvaa sweta. Saa nne jua likatoka, majani ya miti ya Takoma Park yakaonekana mekundu yote. Mahafali yamekwenda vizuri. Nanakili hapa hotuba niliyoisoma, pamoja na maneno ya walionikatiza, ili isipotee.

Mheshimiwa Ndugu Cosmas, uliyetumwa na ubalozi wetu, Mchungaji Godlisten, uliyetupa ukumbi huu wa chini ya kanisa lako bila kutuuliza tutatoka saa ngapi, Bi. Loretta, mkurugenzi wa Nyumba ya Mto na mwalimu wangu, Bi. Alvina, mgeni wetu wa heshima, pamoja na binti yako Denise na wajukuu zako wawili. Viongozi wa jumuiya zetu za Watanzania, Wakenya na Wakongo. Ndugu wageni waalikwa. Na ninyi wahitimu kumi na wawili, ambao leo mmependeza hata nimeshindwa kuwatambua bila aproni: salaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Mnamwona binti yangu Vumilia ameketi kati ya Bi. Loretta na Bi. Alvina. Anawatafsiria maneno yangu sikioni. Vumilia, mwanangu, nakuomba usifupishe.

(Hapa akanijibu kwa Kiingereza, mbele ya watu wote, kwamba mimi ndiye nifupishe. Ukumbi ukacheka. Mchungaji akacheka kuliko wote.)

Ndugu zangu, wengi wenu mmeniuliza wiki hii: Mama Elieth, hawa akina mama wa Nyumba ya Mto ni akina nani, na sisi tumehusika vipi nao? Swali zuri. Shuleni kwetu tulifundishwa kuwaita Wahindi Wekundu. Wao wenyewe jina hilo hawalitaki, na mimi nimeacha kulitumia. Ni wenyeji wa nchi hii. Watu wa Bi. Loretta walikuwa wakivua samaki katika mto wa Anacostia kabla Bladensburg haijawa bandari, kabla mji mkuu huu haujachorwa hata kwenye karatasi. Wengine, kama Bi. Alvina, wametoka majimbo ya mbali na kuja hapa kutafuta kazi, kama sisi tu. Nyumba ya Mto huwatembelea nyumbani kwao, huwasaidia kulea watoto, na huhakikisha kwamba msaada hauingii kwa mlango mmoja huku lugha yao na desturi zao zikitupwa nje kwa mlango mwingine.

Mimi niliajiriwa hapo mwezi Septemba 1996. Nilikuwa natoka kuwahudumia wazee katika nyumba moja kule Fairfax. Nilijua kuosha mgonjwa, kupima presha na kuandika ripoti. Kuandika hasa najua, maana tangu kidato cha kwanza sijalala bila kuandika siku yangu. Nikapewa familia ya kwanza: ghorofa ya pili, Bladensburg. Mama, Denise, akifua mashuka katika hoteli, akitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Bibi, Alvina. Watoto wawili, Josie wa miaka tisa na Wendell wa miaka sita. Watoto hao walikuwa wamekosa shule siku kumi na tisa katika miezi mitatu. Ofisi ya ustawi wa jamii ilikuwa imeandika barua: hali isipobadilika, watoto watachukuliwa na kulelewa na watu wengine, tena kila mmoja nyumba yake.

Hilo ndilo lililokuwa mezani, ndugu zangu. Josie huku, Wendell kule.

Basi mimi nikaenda. Nikavua viatu mlangoni, kama tulivyolelewa. Nikapewa kiti kizuri, nikakaa. Bi. Alvina akanimiminia kahawa kwa mkono wake, bila kumwaga tone. Nikauliza, mbona watoto hawaendi shule? Nikaambiwa mafua. Nikasema poleni. Nikanywa, nikashukuru, nikaaga. Nyumbani nikaandika hivi, nasoma kwenye daftari: "Oktoba 3, 1996. Mvua kidogo. Nyumba safi. Watu wakarimu. Hali njema." Oktoba 17: "Watu wakarimu. Hali njema." Oktoba 31: "Kahawa nzuri sana. Hali njema." Nimekwenda mara nane, na mara nane nimeandika hali njema, daftarini na kwenye ripoti.

(Chelagat, mmoja wa wahitimu, akapaza sauti kutoka nyuma: "Aki Mama Elieth, kahawa nane na hujaona kitu?" Nikamwambia, ngoja, mwanangu, aibu yangu haijaisha.)

Ni nani kati yetu asiyeijua dhambi hii? Kwetu mtu akija nyumbani tunafunika kila kitu. Sufuria haina kitu, lakini mgeni atakula. Mume na mke wamegombana tangu jana, lakini mgeni atawakuta wanacheka. Na mgeni naye, kwa adabu, hatazami jikoni, haulizi mara mbili. Adabu yangu ilikutana na adabu yao, zikasalimiana vizuri, na watoto wakaendelea kukosa shule.

Mwezi Januari Bi. Loretta akaniita ofisini. Ripoti zangu nane zilikuwa mbele yake.

Akaniuliza, "Elieth, umekunywa vikombe vingapi vya kahawa katika nyumba ile?"

Nikajibu, "Vinane."

"Umeosha vingapi?"

"Hata kimoja."

Akasema, "Basi hujafika bado. Rudi. Wakikupa kiti, usikae. Ingia jikoni, omba kisu."

Jumanne, tarehe 14 Januari 1997, baridi kali, barafu kwenye ngazi, nikarudi. Denise alikuwa zamu ya mchana siku hiyo, nikamkuta. Akasema, "Tafadhali kaa, wewe ni mgeni." Nikamwambia, "Mwalimu wangu amenikataza kukaa. Nipe kisu nimenye viazi." Kutoka jikoni nikamsikia Bi. Alvina akicheka: "Huyo ni Loretta! Mwache aingie."

Tukakaa wawili, mabeseni katikati. Yeye anamenya, mimi namenya. Kiazi cha kwanza sawa. Cha pili sawa. Cha tatu, akanyoosha mkono kwenye beseni la viazi vilivyomenywa, akachukua kimoja nilichokwisha kumaliza mimi, akakipapasa kwa kidole gumba, na kuanza kukimenya tena. Nikatazama macho yake. Yalikuwa yanatazama dirishani.

Ndipo nikakumbuka kahawa. Mara nane, ndugu zangu, mara nane alinimiminia, na kila mara kidole chake kilikuwa ndani ya ukingo wa kikombe, kikisubiri joto lifike. Niliona kidole. Nikadhani ni mazoea ya uzee.

Nikachukua kiazi chenye maganda, nikakiweka mkononi mwake. Kisu chake kikasimama.

"Umeona," akasema.

"Nimeona, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu kiazi cha tatu."

Akasema, "Nilifikiri nitakudanganya mpaka Pasaka."

(Watu wakacheka. Nikamwona Bi. Alvina naye anacheka, Vumilia alipomfikishia. Kwa hiyo alikuwa hafupishi.)

Siku ile jikoni, baada ya utani huo, akaniuliza swali moja. "Utaandika?"

Nisikilizeni vizuri, wahitimu. Sukari ilikuwa imeyala macho yake tangu mwaka uliotangulia. Hakuweza tena kuyaona magari ya barabara kubwa iliyo kati ya nyumba na shule. Asubuhi yenye mwanga mzuri alijaribu kuwavusha watoto. Asubuhi ya mvua au ukungu aliogopa, akawaweka ndani. Binti yake alijua, wajukuu walijua, na wote walificha. Kwa nini wasiombe msaada? Kwa sababu Bi. Alvina mwenyewe, akiwa na miaka sita, alichukuliwa kwa mama yake na kupelekwa shule ya bweni ya serikali, na aliporudi alikuwa hajui kumsalimia mama yake kwa lugha yao. Gari linalochukua watoto alikwisha kulipanda. Alijua kwamba ofisi ikisikia bibi haoni, gari litakuja. Na sasa kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Nilimjibu ukweli. Nilimwambia, "Sijui, mama."

Nikamwendea Bi. Loretta. Nikamwambia, nikiandika, watoto wanaondoka. Nisipoandika, siku moja watagongwa barabarani. Nifanye nini? Akasema, "Andika. Lakini usiandike nusu. Ukiandika kile asichoweza bibi, andika na kile anachoweza, kisha andika tutafanya nini sisi." Nikarudi kwa Bi. Alvina nikamweleza hivyo hivyo. Halafu akasema, "Anza na nywele. Andika kwamba namsuka Josie kila asubuhi, na mistari inanyooka kuliko ya mama yake."

Nikaandika nywele. Nikaandika supu. Nikaandika maombi anayoyasema Wendell kabla ya kula, kwa lugha ambayo siielewi hata neno, na jinsi bibi anavyomsahihisha. Tukampeleka Bi. Alvina kliniki ya macho. Na kuanzia tarehe 21 Januari, saa moja na robo kila asubuhi, nilisimama chini ya ngazi zile. Bibi aliwashusha watoto mwenyewe, ameshika chuma cha ngazi, akawaaga kwa desturi yao, kisha mimi nikawavusha barabara. Mimi sikuchukua nafasi ya bibi. Nilichukua barabara tu.

Tarehe 22 Mei 1997, Alhamisi, jua kali, tukaenda mahakamani. Tangu 1978 nchi hii ina sheria inayotaka jitihada za kweli zifanywe kuiweka familia ya wenyeji hawa pamoja kabla mtoto hajaondolewa. Lakini jitihada inapimwa kwa ushahidi. Jaji akaniuliza, "Wewe unajuaje kwamba watoto wanafika shule?"

Nikasema, "Nimeandika, mheshimiwa."

"Soma."

Nikasoma. Siku sabini na tisa za shule, moja moja: tarehe, hali ya hewa, saa ya kushuka ngazi, saa ya kufika. Walichelewa mara moja, siku ya theluji, na siku hiyo mwalimu wao alichelewa zaidi. Nilipofika siku ya thelathini na kitu jaji akasema, "Inatosha, mama." Nikamwomba radhi, nikaendelea. Mnanijua.

(Mhitimu aitwaye Sikujua, ambaye ni Mkongo, akaitikia: "Maman, tunakujua sana!")

Kisha wakamuuliza Bi. Alvina: je, kila mtoto ana kitanda chake? Kwa maana kwenye barua iliandikwa kwamba watoto wanalala kitandani kwa bibi, na hilo lilihesabiwa kosa. Nani hapa hakulala kwa bibi yake? Inueni mikono! Hakuna. Bi. Alvina akasimama, akageuza uso kuelekea sauti ya jaji, akasema: "Vitanda wanavyo. Wanalala kwangu kwa sababu hapo ndipo ninapowafundisha lugha yetu. Taa ikizimwa, mheshimiwa, mimi na wao tunaona sawasawa."

Jaji akavua miwani. Akaamuru watoto wabaki, na mwezi Septemba mwaka jana faili likafungwa.

(Hapa makofi. Yalichukua muda. Wendell alisimama juu ya kiti akainama kama mwigizaji, mama yake akamvuta chini kwa shati.)

Siku ile ile, kwenye korido, afisa aliyeandika ile barua alimfuata Bi. Loretta akamuuliza: "Wasaidizi kama huyu mnao wangapi?" Bi. Loretta akajibu, "Mmoja, tena anakunywa kahawa sana." Yule afisa akasema, "Basi ongezeni." Ndugu Cosmas, Mchungaji, wageni wote: walioongezwa ndio hawa kumi na wawili mnaowaona. Miezi tisa wamefundishwa na akina mama wa Nyumba ya Mto, jioni, baada ya kazi zao za kuosha wazee wa watu. Hakuna hata mmoja aliyeacha. Hata mmoja!

Kuanzia Jumatatu, watano kati yenu mtakwenda kwa familia za wenyeji, chini ya akina mama wao. Saba mtakwenda kwenye nyumba zetu wenyewe, ambako nako kahawa na chai vinaficha mengi, na ninyi mnajua. Chelagat aliniuliza darasani: hawa watu wana mila zao, mimi wa Kericho nitawaambia nini? Jibu langu ni hili: usiwaambie kitu. Mila ni yao, na wenye kuifundisha wapo. Wewe shika barabara ili bibi apate nafasi ya kushika mtoto. Na ukiwa katika nyumba ya Mswahili mwenzako, usidhani unaijua kwa sababu uliitika salamu yake. Nayo pia ingilia jikoni.

Cheti mtapewa na Ndugu Cosmas. Lakini Bi. Loretta amesema cheti peke yake hakimenyi kitu. Kwa hiyo kila mmoja atapokea na kisu kidogo cha viazi, na atakikabidhi Bi. Alvina mwenyewe, kwa mkono ule ule ulionimiminia kahawa nane.

Niwashukuru waliopika, waliopanga viti, na waliobeba masufuria kwenye basi. Namshukuru Denise, aliyeniruhusu kuisema habari ya nyumba yake mbele yenu. Bi. Loretta, nimefika sasa. Vikombe nimeosha.

Na kama kuna anayetaka kujua yote haya yameleta faida gani, nitamjibu kwa swali moja. Leo usiku, Josie na Wendell watalala wapi?

(Vumilia alitafsiri. Kabla hajamaliza, Josie akajibu kwa sauti, kwa lugha ya bibi yake, neno moja. Sikulijua, lakini Bi. Alvina alifunika uso kwa viganja, na hakuna aliyehitaji mkalimani.)

Nimemaliza. Nawashukuru kwa kuniazima masikio yenu.

Visu vyote kumi na viwili vimegawiwa. Kibet, mwanamume pekee darasani, alikipokea kwa mikono miwili na kupiga goti. Baadaye Bi. Alvina alikuja jikoni, akaomba kisu, tukamenya pamoja viazi vya chakula cha jioni. Hakurudia hata kimoja, maana safari hii nilikuwa naweka vya kwangu kwenye beseni langu peke yangu. Amegundua, amenitania. Nalala sasa, saa sita na dakika kumi usiku.