Felista Ndila Makau, Aliyeotesha Kimea cha Kalama

Mchungaji, wazee wa ukoo, na ninyi nyote mliokuja kulia nasi, mimi ni Urbanus Mbithi Kilonzo, kaka mkubwa wa marehemu, nami nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha yake.

Felista Ndila alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 hapa Kalama, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Kilonzo Mbithi na marehemu Nzilani Kilonzo. Aliingia shule ya misheni mwaka 1956, akaiacha mwishoni mwa mwaka 1960, mama yetu alipougua na nyumba ikahitaji mikono, na ni katika jiko la mama, wakati huo, alipojifunza kazi aliyoifanya hadi mwisho.

Tarehe 9 Desemba 1967 alifunga ndoa na Julius Makau Ndunda, mwashi, aliyetutoka mwaka 1999, na Mungu akawajalia watoto wawili, Rodgers Ndunda wa Mavoko, na Carol Mumbua wa Syokimau.

Kuhusu kazi, karatasi mliyo nayo mkononi inasema alikuwa mkulima, na hilo tuliliandika sisi familia, kwa sababu tuliona haya. Felista aliotesha kimea. Alilowesha mtama usiku kucha, akauchuja, akaufunika kwa gunia bichi mahali pa kivuli, akaugeuza asubuhi na jioni, kwani joto la hapa kwetu huotesha upesi na huozesha upesi vilevile, akiupima kwa mgongo wa mkono kama mama anavyompima mtoto homa, na ulipotoa mizizi akaukausha juani, akaipukusa mizizi, akausaga. Kimea hicho ndicho kilichotia utamu uji wa matanga mengi ya Kalama, mkaunywa bila kuuliza sukari, lakini pia wapika pombe walikinunua kwake sokoni Tala, na kwa sababu hiyo akina mama wa kanisa walimwendea mwaka 1984 kumwambia aache. Aliwajibu huku akiwamiminia uji, "Mimi nauza kimea. Kile mtu anafanya nayo kwake, si mwende mkamuulize yeye? Kunyweni, inapoa." Walikunywa, kisha wakamwondoa katika uongozi wa chama chao, nasi ndugu zake tuliokuwa kanisani siku hiyo tukatazama chini.

Ugonjwa wa moyo ulimwanza Februari mwaka huu. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 26 Septemba 2025, alipokuwa akisaidiwa kuingia kwenye gari kwenda hospitalini mjini Machakos, alimwonyesha Carol gunia la mtama alioulowesha siku iliyotangulia, akamwambia, "Mumbua, hii si ya soko. Hii ni ya watu wangu wakija kunilia. Mgeuze, jua ni kali." Carol alidhani Rodgers atageuza, Rodgers alidhani ni mimi ninayekaa karibu, nami niliona hiyo ni kazi ya jikoni, si ya mwanamume wa umri wangu. Kila tulipomtembelea alituuliza kabla hata ya salamu, "Mmegeuza?" nasi tukamjibu kwamba tumegeuza. Mara ya mwisho alicheka, akasema, "Urbanus na jikoni! Basi mimi nimepona." Alifariki Jumanne, tarehe 7 Oktoba, akituamini.

Tulipofungua jiko, mtama ulikuwa umeshikana kama tope na kuota ukungu, na tulipoumwaga nyuma ya nyumba, hata kuku waliupita.

Bi. Hidaya Mohamed wa mjini Machakos, ambaye kwa miaka mingi alichukua kwa marehemu kimea cha uji wa Ramadhani, na ambaye alifundishwa kuotesha katika jiko hilo hilo, alikuja kutupa pole, akanusa hewa ya jikoni. Alivua viatu, akasema, "Mzee Urbanus, leta mtama mwingine. Na wewe Carol, kaa hapa na mimi. Hiyo simu weka mbali." Uji mtakaokunywa leo baada ya mazishi ni wa kimea alichotuongoza kuotesha, na mkiuona ni mtamu kama wa Ndila, tafadhali msitusifu sisi wa nyumba hii.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Kalama waliochimba kaburi, Bi. Hidaya, na wauzaji wa nafaka wa Tala waliouza pamoja na marehemu. Nimewaona pia wapika pombe walioketi nyuma kabisa, karibu na ua. Ninyi mlifanya kazi na dada yangu, sogeeni mbele mketi na familia.

Ndila, kwa mikono hii nami niliugusa mtama ule wa pili asubuhi na jioni, Carol akinielekeza, nikasikia joto lake ulilokuwa ukilisema. Sasa pumzika kwa amani, dada yangu. Safari hii tumegeuza.