Bei ya Kulizuia Gari Jekundu

Kijiwe chetu ni sofa bovu lililotupwa nje ya bakala moja, duka la vyakula, hapa Al-Hamra, Jeddah. Kahawa ni ya birika la Haidar, Mzanzibari aliyezaliwa mji huu huu na ambaye haachi kutusema kwamba sisi wa bara hatujui kunywa. Mimi ni mlinzi wa jengo la jirani. Jumatano ile, baada ya alasiri, Nehemiah alikuja uso umemshuka. Yeye ni dereva wa lile gari jekundu la Kimarekani, la mbio, milango miwili. Dereva jina tu. Bosi wake alihamia Olaya, Riyadh, mwaka jana, akamwacha madam na gari hapa, na kazi ya Nehemiah ni kuliwasha dakika kumi kila asubuhi, kulifuta vumbi na kulifunika tena. Tulikuwa tunamcheka sana kwa kazi hiyo. Siku hiyo hatukumcheka.

— Bosi amepiga simu, alisema Nehemiah. Kuna mtu Uingereza analitaka gari. Sasa ananiuliza mimi bei.

— Wewe? Kwani wewe ni nani? aliuliza Norman, ambaye tunamwita Profesa kwa sababu hajawahi kusema sijui.

— Ati sisi Wakenya tulitawaliwa na Waingereza, tunajua mfuko wao. Anataka jibu kabla ya magharibi.

— Na likienda? niliuliza.

— Ikama ndiyo kibali changu cha kukaa hapa, na imeandikwa dereva, bana. Nitaendesha nini, birika la Haidar? Na binti yangu Jerusha amebakisha mwaka mmoja amalize shule.

Hapo tulielewa kazi yetu. Ilitakiwa bei ambayo Mwingereza yeyote akiisikia atakimbia.

— Nisikilizeni mie, alisema Haidar. Hapa gari lile ni riyali laki mbili. Kwa pauni, elfu arubaini. Tia meli, tia ushuru wao. Mwambie elfu sitini, halas.

— Sitini wanalipa! Norman aliruka. Kule gari la Kimarekani ni adimu. Sema themanini.

— Lakini usukani uko kushoto, alisema Nehemiah. Kule wanaendesha kama kwetu Nakuru. Hiyo si inashusha bei?

— Inapandisha! Usukani kushoto ndiyo maringo yenyewe. Kila mtu ajue limetoka nje. Laki moja.

— Yakhe, na tiketi ya maegesho ataichukua vipi? Mashine iko kulia, yeye kakaa kushoto.

— Ataajiri mtu wa kukaa kulia, amchukulie.

— Basi auziwe pamoja na mtu wake kabisa! alisema Haidar. Gari na Nehemiah, mzigo mmoja. Laki na ishirini.

Nehemiah alicheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mimi nami nikaona nisibaki nyuma. Nilisema Waingereza hawana jua, na gari lile limekula jua la Jeddah miaka mitatu, kwa hiyo jua nalo lilipiwe.

— Umesema kweli, alisema Norman bila hata kutabasamu. Elfu thelathini za jua. Laki na nusu, pauni.

Nehemiah aliandika kwenye simu, akahesabu sifuri, akamwonyesha Haidar naye azihesabu. Kisha akatuma. Haikupita dakika, bosi akajibu kwa kidole gumba kilichoinuliwa, basi. Tulimpigia makofi. Haidar akammiminia kikombe kilichojaa, jambo ambalo hamfanyii mtu, na Nehemiah akasema sasa anaweza kulala, Jerusha atamaliza.

Ndipo akatokea Mourine, dada wa kazi ambaye hata wiki mbili hajamaliza pale kwa madam wa Nehemiah. Alikuwa ametumwa bakala dawa ya kusafishia sakafu, ndoo mkononi. Alisimama kando kwa adabu.

— Habari zenu. Kaka Nehemiah, samahani. Chumba chako ni kile cha uani, karibu na gereji?

— Ndicho. Kwani?

— Madam amesema Ijumaa nikifagie nihamie mimi, wewe utakuwa umeshaenda. Nilikuwa nauliza tu, kitanda unakiacha?

Gari liuzwe lisiuzwe, mwenzetu alikuwa ameshaondolewa, na sisi tulikuwa tunapandisha bei. Nilimwonea uchungu hadi nikashindwa kumtazama. Profesa aliangalia viatu vyake. Haidar aliinamisha birika juu ya kikombe changu, halikutoa kitu, naye akaendelea kuliinamisha.

Mourine alidhani hatukumsikia. Akauliza tena, taratibu zaidi, kuhusu kitanda.