Ubeti wa Mwisho

Boti ya Mfangano ilipotoka Mbita, Leonida aligeuza uso kwenye maji, lakini masikio aliyaacha kwa jirani yake Celestine, aliyekuwa akimsimulia mchuuzi mmoja wa samaki habari za watu wa chuo kikuu.

"Wamenirekodi kwa kaseti, ndugu yangu. Wimbo wa kubembeleza mtoto, kwa Kisuba chenyewe cha wenyeji wa kisiwa. Jumamosi wanafungua nyumba ya makumbusho, na picha yangu iko pale mlangoni."

Ungedhani kisiwa kizima amekizaa yeye.

"Si umeniambia kwenu ni Oyugis, kwa Wajaluo?" mchuuzi akauliza.

"Nimeolewa hapa. Huo wimbo nilikuwa nausikia kwa jirani, akimwimbia mtoto wake."

Jirani mwenyewe akazidi kutazama maji. Wale watu walianzia kwake! Walikuja na kalamu na karatasi wakamuuliza kabila, na Leonida, Msuba wa kuzaliwa, kama alivyozoea kumjibu kila mtu wa serikali tangu usichana wake, akasema, "Sisi ni Wajaluo." Wakamshukuru vizuri, wakaenda kubisha kwa Celestine.

Boti ilipokaribia nchi kavu, Celestine akamwinamia Leonida, mama yake Maxwell. "Min Maxwell, nisaidie. Ubeti wa mwisho umenipotea kabisa, na Jumamosi ndiyo hiyo imefika."

Leonida alikuwa nao mdomoni, neno kwa neno, kama mama yake alivyomwimbia. Akangoja mpaka boti ikagusa mchanga, akajitwika kikapu chake.

"Mimi nitaujulia wapi?" akasema. "Mimi ni Mjaluo."