Kitambaa cha Goti

Kwetu Gujranwala, Pakistan, mtu akivunjika hakimbilii hospitali. Huenda kwa pahalwani mzee aliyeacha mieleka akaanza kuunga mifupa. Wetu ni Accha Pahalwani, na kwenye benchi la kibanda cha chai ana upande wake, wewe hukai hapo. Asubuhi hiyo tulikuwa na Rafaqat mshona viatu. Bintiye Rimsha, miaka saba, anachechemea tangu majira ya baridi. Daktari wa Lahore kampiga picha, kaona kauvimbe ndani ya mfupa wa nyonga, si kansa, na leo anataka kukachoma kwa sindano ya moto. Rafaqat hajui aende au asiende. Tukaamua kumsaidia, Mungu atusamehe.

— Mtoto anaumwa goti, daktari anapiga picha nyonga! — alisema Pahalwani. — Goti nimelifunga mwenyewe miezi mitatu, kwa manjano na mafuta ya haradali. Limebaki kidogo tu.

— Daktari anasema maumivu ya nyonga hushukia gotini, — akajibu Rafaqat.

— Hushuka? Kwani ni maji?

— Ni baridi ya sakafu, — nikasema mimi, na sikuwa na ushahidi wowote.

— Ni mnara wa simu, — akasema mwenzetu tunayemwita Gazeti, anayesoma habari za juzi. — Mawimbi yanapita usawa wa nyonga ya mtoto. Kapime.

— Mbona mtoto wako hachechemei? — nikamuuliza.

— Wangu mrefu.

Rafaqat hakucheka.

— Si kansa, kasema mara tatu. Kwa nini aseme mara tatu?

Alikuwa anaogopa, na sisi pia.

— Niachie mimi, — Pahalwani akasema. — Nauvuta mguu mara moja, basi.

Bajaji ikasimama. Ndani alikuwamo Shagufta, mke wa Rafaqat, kampakata Rimsha na bahasha ya picha.

— Karibu chai, shemeji.

— Ahsanteni, shemeji zangu. Nani kati yenu anajua mtoto huyu huamka saa ngapi akilia?

Hata Rafaqat alitazama viatu vyake.

— Saa nane, kila usiku. Nusu kidonge cha maumivu, analala. Daktari aliniuliza hilo kabla hajamgusa; kauvimbe haka huuma hivyo.

Rafaqat akapanda bajaji. Pahalwani naye akainuka, tukajua sasa ni ugomvi. Akaenda kwenye bajaji, akainama, akafungua taratibu kitambaa alichomfunga mtoto gotini, akakikunja, akakitia mfukoni.

— Hili goti ni zima, — akamwambia Rimsha.

Akarudi kukaa. Chai yake hakuimaliza.